Mbizi ya kwanza ya mtu wa Tunduma

Mkoa wa Songwe una mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja huelekea kaskazini na kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mwingine huteremka upande wa kusini, ukiwa mpaka kati ya Wilaya ya Ileje na Malawi, hadi Ziwa Nyasa, katikati ya Kyela na Karonga. Anayetaka kuona kwa macho yake kilichomo chini ya maji atapata majibu mawili tofauti akiifuata mito hiyo. Rukwa ni ziwa la kina kifupi, maji yake yana magadi na tope, na mamba wake wanajulikana na kila mvuvi wa Momba. Hapo si mahali pa kuvaa mtungi wa hewa mgongoni. Nyasa ni habari nyingine kabisa. Ni miongoni mwa maziwa bora duniani kwa mtu anayepiga mbizi kwa mara ya kwanza, na liko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka foleni ya malori ya Tunduma.

Habari hiyo haisikiki sana mjini humo. Tunduma inajulikana kwa mpaka, kwa shaba inayopita kutoka Zambia na Kongo, na kwa kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 ili malori yasikaguliwe mara mbili. Samaki wanaofika sokoni wengi ni wakavu: dagaa wa Tanganyika, ambao ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, huitwa kapenta, na migebuka iliyokaushwa. Kwa wakazi wengi ziwa ni mahali samaki anakotoka. Kuingia humo kwenda kumtazama akiwa hai ni wazo linaloachiwa watalii.

Watalii wenyewe wanajua wanachotafuta. Mtu wa Ulaya au Marekani anayetaka kujifunza kupiga mbizi hutajiwa kwanza visiwa vya Karibi. Huko Bonaire, kisiwa kilicho karibu na Venezuela, miamba ya matumbawe huanza hatua chache tu kutoka ufukweni, na mawe yaliyopakwa rangi ya njano kando ya barabara humwonyesha dereva mahali pa kuegesha gari, kuvaa vifaa na kuingia majini kwa miguu. Wenyeji wa kisiwa hicho walipiga marufuku uvuvi wa mishale ya chini ya maji mwaka 1971, na mwaka 1979 wakaitangaza bahari inayowazunguka kuwa hifadhi. Maji ni ya vuguvugu, hayana mawimbi makubwa, yanaonyesha mbali, na uzuri wote unaonekana bila kwenda kina kirefu. Sifa hizo nne ndizo mwanafunzi anazohitaji. Anayetoka Songwe anaweza kuzipata zote bila kuvuka bahari yoyote.

Miamba isiyo na matumbawe

Ziwa Nyasa, ambalo Malawi huliita Ziwa Malawi, lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika takriban mita 700. Kina hicho kisimtishe mtu. Kuanzia kama mita 250 kwenda chini maji hayana oksijeni, na samaki hawaishi huko. Uhai wa ziwa umejaa juu, kwenye mwanga.

Matumbawe ni viumbe wa maji ya chumvi, kwa hiyo Nyasa haina hata kipande. Kazi yao humo inafanywa na mawe. Milima ya Livingstone inapoporomoka kuingia ziwani upande wa mashariki wa Matema, majabali yanaendelea chini ya maji, moja juu ya jingine, yakiacha mapango na nyufa za kila ukubwa. Ufukwe wa Matema wenyewe ni mchanga. Ukisogea kuelekea Ikombe, kijiji cha Wakisi wanaofinyanga vyungu vinavyouzwa Kyela na kwingineko, mchanga unakwisha na mawe yanaanza. Hapo ndipo mtu mwenye miwani ya kuogelea anapoanza kuona rangi.

Rangi hizo ni za samaki wa jamii ya sikilidi, jamii ambamo pia wamo sato na perege. Nyasa ina aina zaidi ya 700 za samaki, na wengi mno kati yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wale wadogo wa mawe huitwa mbuna na wavuvi wa upande wa Malawi, na jina hilo limeenea kwa wafugaji wa samaki wa mapambo kuanzia Ujerumani hadi Japani. Mbuna wengi hawazidi urefu wa kiganja. Wapo wa buluu yenye milia myeusi, wa njano tupu, wa rangi ya chungwa. Chakula chao kikuu ni mwani unaoota kama zulia jembamba juu ya mawe, na mwani hauoti pasipo jua. Ndiyo maana mbuna hujazana katika mita chache za kwanza, na ndiyo maana ziwa hili linamfaa anayeanza: mwanafunzi anayekatazwa kuvuka mita 12 au 18 hakosi mengi, kwa sababu mengi yako juu.

Anayetulia mbele ya jiwe moja kwa dakika kumi huona mambo ambayo haraka ingemnyima. Jike la mbuna hutaga mayai machache, kisha papo hapo hugeuka na kuyadaka kwa mdomo. Dume lina madoa ya njano kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai. Jike, likidhani limeacha mengine, hulisogelea pezi hilo na kujaribu kuyaokota, na hapo ndipo hupokea mbegu za dume na mayai yakarutubishwa ndani ya kinywa chake. Hukaa nayo humo kwa takriban wiki tatu, likila kidogo sana au lisile kabisa, mpaka vifaranga wanapoweza kuogelea. Mpiga mbizi hulitambua kwa taya lililotuna na kwa namna linavyojitenga na wenzake.

Karibu na hapo, mchanga unapokutana na mawe, kuna samaki mkubwa zaidi mwenye mabaka ya kahawia na meupe ambaye wanasayansi humwita Nimbochromis livingstonii. Huyu hulala ubavu mchangani kama maiti. Samaki wadogo huja kudonoa mzoga, naye huwarukia na kuwameza. Mwanafunzi anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani ameona samaki aliyekufa, hadi mkufunzi wake amfanyie ishara ya kusubiri.

Upande wa Tanzania wa ziwa hili umebaki na miamba mingi isiyotembelewa, kuanzia Matema hadi Liuli na Mbamba Bay mkoani Ruvuma. Mafunzo yaliyokomaa yako Malawi, hasa Nkhata Bay, kisiwa cha Likoma na Cape Maclear. Cape Maclear imo ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984, moja ya hifadhi za kwanza duniani zilizowekwa kwa ajili ya samaki wa maji baridi. Kwa mtu wa Tunduma, aliyezoea kuvuka kwenda Nakonde kununua bidhaa, kuvuka mpaka wa Kasumulu na kupitia Karonga na Mzuzu hadi Nkhata Bay ni safari ya kawaida. Kinachohitajika ni hati ya kusafiria iliyo hai.

Somo la kwanza linaanzia kwenye basi

Kuna jambo moja ambalo mkazi wa nyanda za juu analijua tayari kuliko mtalii aliyetua kwa ndege ufukweni. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Basi la Kyela linapotoka Uyole, Mbeya, hupanda Milima ya Uporoto hadi zaidi ya mita 2,000, kisha hushuka kupitia Tukuyu na mashamba ya chai na migomba mpaka kwenye mpunga na michikichi ya Kyela, karibu na mita 500. Katika mteremko huo masikio huziba. Abiria humeza mate, hupiga miayo, au hubana pua na kupuliza taratibu, na masikio yakazibuka.

Kitendo hicho cha kubana pua na kupuliza taratibu ndicho somo la kwanza la mpiga mbizi. Hewa ya nje inapozidi mgandamizo, kiwambo cha sikio husukumwa ndani. Hewa kidogo inayopulizwa kutoka kooni hukisawazisha. Tofauti ni kasi. Kati ya kilele cha Uporoto na Kyela mgandamizo wa hewa huongezeka kwa kiasi kisichofika robo, na hilo huchukua muda wa saa nzima au zaidi. Majini, mita 10 peke yake huuongeza maradufu. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kusawazisha masikio kila anaposhuka kidogo, kabla hayajauma, na kupanda tena kidogo yakigoma. Mwenye mafua haingii majini siku hiyo.

Anayetaka ushahidi anaweza kuufanya safarini. Chupa tupu ya maji ya plastiki ikifungwa kifuniko vizuri pale juu Uporoto, ikifika Kyela itakuwa imebonyea mbavu bila kuguswa na mtu. Hewa iliyofungiwa humo ni ileile. Kilichoongezeka ni mgandamizo wa nje. Ikipelekwa mita 10 chini ya ziwa, hewa hiyo itabaki na karibu nusu ya nafasi iliyokuwa nayo ufukweni. Na ikijazwa hewa huko chini kisha ikapandishwa imefungwa, itafura na huenda ikapasuka. Mapafu ya binadamu hufuata kanuni hiyohiyo, na kutokana nayo imetoka amri ambayo wakufunzi wote duniani huitaja kabla ya nyingine yoyote: usizuie pumzi kamwe. Anayepumua mfululizo huruhusu hewa inayotanuka kutoka. Anayebana pumzi na kukurupuka juu anaweza kuumia mapafu hata kutoka kina cha mita chache.

Vifaa vyenyewe ni vichache kuliko vinavyoonekana. Mtungi una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Kifaa cha kupumulia kinachobanwa kwa meno hutoa hewa kwa mgandamizo sawa na wa maji yaliyomzunguka mtu. Teknolojia hiyo ilikamilishwa mwaka 1943 na Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Lipo jaketi linalojazwa na kupunguzwa hewa ili mtu asizame wala asielee. Yapo mapezi ya miguuni, miwani inayofunika na pua, na mkanda wenye vipande vya risasi. Aliyewahi kupiga mbizi baharini hupunguza vipande hivyo akija ziwani, maana maji yasiyo na chumvi humwinua mtu kwa nguvu ndogo zaidi.

Njia za kuanza ni mbili. Ya kwanza ni jaribio la siku moja, ambapo mkufunzi humshika mgeni mkono na kumshusha asivuke mita 12. Ya pili ni kozi kamili ya awali, kama ile ya shirika la PADI, inayochukua siku tatu hadi nne na kumpa mhitimu cheti cha kushuka hadi mita 18 akiwa na mwenzake. Umri wa chini ni miaka 10. Mwanafunzi lazima aogelee mita 200 bila kupumzika, kwa mtindo wowote na bila kushindana na saa, kisha aelee kwa dakika 10. Hujifunza kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani, kuokota kifaa cha kupumulia kilichomtoka mdomoni, na kugawana hewa na mwenzake. Kabla ya yote hujaza fomu ya afya. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au kifafa hutakiwa kumwona daktari kwanza, na mjamzito hushauriwa asubiri hadi ajifungue.

Mlima wa kurudi nyumbani

Hapa ndipo mtu wa Songwe anapopaswa kuwa makini kuliko mtalii wa Bonaire, na kitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani hakimwambii hilo kwa jina la barabara yake.

Hewa tunayopumua kwa sehemu kubwa ni naitrojeni. Juu ya nchi kavu haitusumbui. Chini ya maji, kwa sababu ya mgandamizo, naitrojeni huyeyuka kwa wingi ndani ya damu na misuli. Mpiga mbizi akipanda polepole, na akitua kwa dakika tatu kwenye mita 5 kama anavyofundishwa, naitrojeni hiyo hutoka kidogo kidogo kupitia mapafu. Akipanda kwa haraka, hufanya mapovu mwilini, kama gesi ya soda iliyofunguliwa ghafla. Matokeo yake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na yakizidi, kupooza au kifo.

Hata baada ya kutoka majini salama, naitrojeni ya ziada hubaki mwilini kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu wapiga mbizi hawaruhusiwi kupanda ndege mara moja. Mwongozo wa DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, unataka mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, kabla ya kwenda kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 600.

Mwili hautofautishi ndege na basi. Mtu aliyepiga mbizi asubuhi Matema, akala wali na mbasa mchana Kyela, kisha akapanda basi la jioni, atakuwa juu ya mita 2,000 kabla damu yake haijatulia. Anayepitia Ileje naye hupanda, na mwinuko wa Tunduma yenyewe ni zaidi ya mara mbili ya zile mita 600 za mwongozo. Kwa hiyo ratiba ya safari ya Nyasa lazima iwe na siku moja kavu mwishoni: siku ya kutembea sokoni, kuona vyungu vya Wakisi, kulala ufukweni na kuondoka kesho yake. Kuna pia jambo la pili. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mafunzo huhesabu mbizi yoyote ya juu ya mita 300 kuwa mbizi ya mwinuko, yenye majedwali yake ya muda na kina. Mkufunzi anayeijua kazi atalieleza hilo bila kuulizwa.

Ziwa lina masharti yake

Nyasa haina papa wala mkondo wa kupwa na kujaa. Ina mambo mengine. Kichocho kipo katika fukwe zake nyingi, hasa penye majani, maji yaliyotuama na vijiji vyenye watu wengi. Konokono wanaobeba vimelea hupenda sehemu hizo. Kwenye mawe, mbali na ufukwe, hatari hupungua lakini haiishi. Dawa yake, praziquantel, inapatikana nchini. Aliyeingia ziwani aende kituo cha afya baada ya wiki kadhaa akaeleze alikokuwa, kwani vimelea vikiwa vichanga kipimo huweza kutoviona na dawa huwa haina nguvu juu yao.

Mamba na viboko hukaa kwenye midomo ya mito: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Hakuna sababu ya mpiga mbizi kukaribia hapo, kwa kuwa maji ni ya tope na hayaonyeshi kitu. Wavuvi wa kijiji ndio wanaojua ni ghuba ipi mamba ameonekana mwezi huu, na neno lao liheshimiwe kuliko kitabu chochote cha wageni.

Kisha kuna upepo. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao Wamalawi huuita mwera, huvuma kwa siku kadhaa mfululizo na kuinua mawimbi ya kutosha kupindua mtumbwi. Mvua za Kyela, miongoni mwa nyingi kabisa nchini, hufikia kilele Machi hadi Mei na kuleta udongo kutoka milimani. Miezi inayobaki, hasa Septemba hadi Novemba, ndiyo yenye utulivu na maji maangavu. Joto la maji ya juu wakati huo huwa la kuogelea bila kutetemeka.

Tanganyika nalo lisisahauliwe. Kwa barabara ya Sumbawanga, anayetoka Tunduma hufika Kasanga, na kwa njia ya Nakonde na Mbala hufika Mpulungu upande wa Zambia. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani, na maji yake mara nyingi ni maangavu kuliko ya Nyasa. Humo wamo sikilidi wadogo wanaoishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono, kila jike na kombe lake. Hata hivyo, liko juu zaidi, karibu mita 770, na mamba wapo karibu na fukwe zake. Linamfaa mtu aliyekwisha kupata cheti.

Pwani kwa treni

Anayetamani matumbawe yenyewe atalazimika kushuka hadi Bahari ya Hindi. Tunduma ina bahati ya kuwa kituo cha TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ambayo huenda Dar es Salaam moja kwa moja.

Unguja, mbele ya Mji Mkongwe, miamba ya Pange, Bawe na Murogo imehifadhika dhidi ya mawimbi makubwa. Karibu na Bawe imelala Great Northern, meli ya Waingereza iliyokuwa ikitandaza nyaya za telegrafu baharini na ikazama usiku wa kuamkia mwaka mpya, mwishoni mwa 1902. Mabaki yake yako kwenye mita 12 hivi, kina kilekile cha mgeni wa siku ya kwanza, na mbavu za chuma zimekuwa makazi ya matumbawe na samaki kwa zaidi ya karne.

Mafia ndiyo yenye hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka 1994, ina kilomita za mraba 822, na ndani yake zimehesabiwa zaidi ya aina 400 za samaki. Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa na miamba, na hivyo mwanafunzi hupata maji tulivu hata upepo ukivuma nje. Kati ya Oktoba na Februari papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huja kula karibu na Kilindoni. Huyo hutazamwa kwa miwani na mrija tu, bila mtungi.

Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, inatoa somo tofauti. Mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994, na waliochaguliwa kuulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Wageni hawaruhusiwi kuingia na mitungi. Huelea juu na kutazama chini. Kila mwanafunzi anayepita Unguja angefaa kuuona kabla ya kozi yake, kwa sababu unaonyesha mwamba ulivyo pale watu wanapoacha kuukanyaga, kuuvulia na kuutupia nanga. Huo nao umeumia. Joto la bahari la mwaka 1998 na la 2016 liliyafanya matumbawe ya Afrika Mashariki kupauka, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kuwa dunia nzima imeingia katika tukio la nne la aina hiyo. Mpiga mbizi anaweza kusaidia kwa jambo dogo: kutoshika, kutosimama juu ya mwamba na kutoondoka na kombe.

Kuogelea kwanza

Kikwazo kikubwa cha Tunduma si bei ya kozi wala umbali wa ziwa. Ni kwamba wengi wamekua mbali na maji, na kuogelea hawakufundishwa. Hilo si tatizo la bara peke yake. Kaskazini mwa Unguja, ambako nyumba zinatazamana na bahari, wasichana wengi walikua bila kujua kuogelea mpaka Mradi wa Panje ulipoanza kuwafundisha, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima ili masomo yasigongane na dini wala desturi. Picha walizopigwa na Anna Boyiazis zilitunukiwa katika shindano la World Press Photo mwaka 2018. Walimu wa kwanza walifundisha wanafunzi, na baadhi ya wanafunzi wakawa walimu.

Gharama ya kutojua ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Tanzania ina orodha yake ya huzuni, kuanzia meli ya MV Bukoba mwaka 1996 hadi kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220. Siku mbili baada ya ajali hiyo, wapiga mbizi walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Aliokolewa na watu waliojua kushuka chini kwa utulivu, kupumua na kurudi juu. Ujuzi huo ndio uleule unaofundishwa kwenye miamba ya burudani.

Msomaji wa Vwawa, Mlowo au Tunduma anayetaka kuanza, ajifunze kwanza kuogelea mita 200 katika bwawa, chini ya macho ya mwalimu. Achague kituo chenye wakufunzi wenye vyeti vinavyoonekana, aulize kama bei imejumuisha vifaa na cheti, aulize chumba cha karibu cha kutibu madhara ya mgandamizo kiko wapi, na aache siku moja kavu kabla ya kupanda Uporoto. Nazo halmashauri za Kyela na Ileje, pamoja na vyuo vya ufundi na utalii vya nyanda za juu, ziwapeleke vijana wao wakasomee ukufunzi na usalama wa majini. Miamba ya Matema na Ikombe iko ndani ya mipaka yetu, na wa kwanza kuwaongoza wageni chini ya maji hayo wanapaswa kuwa vijana waliozaliwa ufukweni mwake.